Usilale na njaa Guangzhou: jinsi ya kula kwenye migahawa ya mitaani

Safari yangu ya kwanza Guangzhou, China, nilikula biskuti siku tatu. Nilibeba pakiti nane kutoka Kariakoo, korosho, na chupa ya pilipili ya kukaanga. Kila jioni nikitoka sokoni nilipita mbele ya migahawa kama kumi iliyojaa watu, nikachungulia, nikaona maandishi tupu ukutani, nikaenda zangu hotelini. Siku ya nne pakiti ziliisha. Nikaingia mgahawa wa kwanza niliokutana nao, nikaonyesha kidole picha ya wali wa kukaanga, nikala nikashiba. Kesho yake mwenyeji wangu, kijana wa kwetu aliyekuwa anasoma huko, akaniuliza ule wali ulikuwa na nini. Nikamjibu: mayai, vitunguu, na vipande vidogo vya waridi, nadhani karoti. Alicheka mpaka akakaa chini. Haikuwa karoti.

Haya ninayoyaandika ni yale ambayo ningependa kuambiwa kabla ya siku ile. Naizungumzia Guangzhou kwa sababu ndiko wengi wetu tunakofikia, iwe kwa Maonyesho ya Canton, yale maonyesho makubwa ya biashara ya huko, au kwa kutafuta mzigo tu, lakini ukiwa miji mingine kama Yiwu au Foshan mengi ni yaleyale.

Hatua ya 1: Malizana na malipo na simu ukiwa bado nyumbani

Mgahawa wa mtaani China usitegemee kukuta mashine ya kadi. Watu wanalipa kwa simu: unaskani kale kamraba kenye madoadoa kalikobandikwa mezani au kaunta, unaandika kiasi, basi. Ni kama Lipa Namba zetu, ila huna namba ya kuandika. Programu zinazotumika ni mbili, Alipay na WeChat, na tangu 2023 zote zinakubali kuunganishwa na kadi za Visa na Mastercard zilizotolewa nje ya China. Malipo ya chini ya yuani 200 hayakatwi ada. Yakizidi hapo mgeni anakatwa asilimia 3. Bakuli la tambi halifiki hata yuani 30, kwa hiyo upande wa chakula ada hiyo utaisikia tu.

Pakua zote mbili, sajili pasipoti na kadi kabla ya kuondoka. Benki ikitaka kuthibitisha kadi inatuma ujumbe kwenye laini yako ya nyumbani, na hutaki kuusubiri ujumbe huo umesimama kaunta na watu sita nyuma yako. Piga simu benki pia uwaulize kama kadi imefunguliwa kwa manunuzi ya mtandaoni na ya nje ya nchi. Mara nyingi haijafunguliwa.

Beba na noti kidogo, hasa za 10 na 20. Sheria yao inamtaka muuzaji apokee fedha taslimu, lakini ukimpa noti ya 100 kwa chakula cha yuani 15 unaweza kumwona anazunguka kwa majirani kutafuta chenji.

Kuhusu simu: Google na WhatsApp hazifunguki kwenye Wi-Fi ya hoteli wala kwa laini ya Kichina. Laini yako ya nyumbani ikiwa na rominigi inafungua, ila inakula salio. Kwa hiyo programu ya kutafsiri ipakue mapema, pamoja na Kichina cha kutumia bila intaneti. WeChat nayo ina sehemu ya kuskani maandishi na kuyatafsiri kwa Kiingereza. Usitarajie miujiza. Menyu ya Kichina ina majina ya mafumbo kama nyimbo za taarabu. Tafsiri itakwambia "mapafu ya mume na mke" na wewe ubaki unashangaa. Kumbe ni nyama na matumbo ya ng'ombe yaliyokatwa slesi nyembamba na kumwagiwa mafuta ya pilipili.

Hatua ya 2: Jifunze kusoma maneno machache. Hapa usifanye haraka

Huhitaji Kichina. Unahitaji alama kama kumi, uzihifadhi kwenye simu kama picha, uziangalie ndani ya ndege mpaka zikuzoee. Mimi nilizichora nyuma ya daftari la oda.

清真, tamka "chingjen". Hii ndiyo halali. Ukiiona juu ya mlango, mara nyingi na maandishi ya Kiarabu pembeni na kibao cha kijani au buluu, huo ni mgahawa wa Waislamu wa Kichina. Nguruwe hamna, na pombe kwa kawaida haiuzwi. Hata kama wewe si Mwislamu, anzia hapa, nitakwambia kwa nini.

牛 "niu" ni ng'ombe. 羊 "yang" ni kondoo au mbuzi, wao neno ni moja. 鸡 "ji" ni kuku. 鸭 "ya" ni bata. 鱼 "yu" ni samaki, 虾 "shia" ni kamba, 蛋 "dan" ni yai. 猪 "ju" ni nguruwe.

Halafu kuna 肉, "rou", yaani nyama. Mtego wenyewe uko hapa. Kwetu ukimwambia muuza supu "nyama", anaelewa ng'ombe. Kwa Mchina, rou ikisimama peke yake ni nguruwe. Nyama nyingine zote zinatajwa kwa jina: nyama ya ng'ombe, nyama ya kondoo. Nguruwe ndiye "nyama". Kwa hiyo menyu ikiandika mbogamboga na rou, au tambi na rou, bila 牛 wala 羊 mbele yake, hesabu kuwa ni nguruwe. Na ukimwambia mhudumu huli "rou", anaweza kuelewa kwamba wewe ni mtu wa majani tu, ukaletewa sahani ya mchicha.

Sentensi ya kuonyesha kwenye simu ni hii: 我不吃猪肉, "wo bu chi ju rou", mimi sili nyama ya nguruwe. Nasema kuonyesha, si kusema, kwa sababu Kichina kina toni, na "ju" yako inaweza kumfikia yeye ikiwa neno jingine kabisa. Simu haikosei toni.

Lakini hata hiyo sentensi ina mipaka. Kwenye mgahawa wa kawaida wataondoa vipande vya nguruwe, hilo watafanya kwa moyo mweupe, ila kikaangio ni kilekile, kisu ni kilekile, na huenda mboga zimekaangwa kwa mafuta ya nguruwe kwa sababu yananukia vizuri. Mpishi haoni kama amekudanganya. Kwake yeye mafuta si nyama. Kama kwako hilo ni jambo la dini, sentensi haitoshi. Tafuta 清真.

Hatua ya 3: Anza na duka la tambi za Lanzhou

Karibu kila mtaa wa Guangzhou una duka lenye kibao 兰州拉面, tambi za kuvuta za Lanzhou. Lanzhou ni mji wa kaskazini-magharibi, mbali kabisa na Guangzhou, lakini wenye maduka haya wengi wanatoka mkoa jirani wa Qinghai, Waislamu wa kabila la Hui. Utawajua kwa kofia nyeupe za wanaume na mitandio ya wanawake. Duka lina meza sita, mtoto anafanya homuweki kwenye meza ya mwisho, na ukuta mzima umejaa picha za vyakula zenye bei. Ndiyo sababu nimesema uanzie hapa: menyu iko ukutani na ina picha, na hakuna mtego wa nyama. Humu ndani rou ni ng'ombe.

Ukipata nafasi kaa karibu na jiko, umwangalie mpishi. Anachukua donge la unga kama la chapati kumi, analivuta mpaka urefu wa mikono yake, analibamiza kwenye meza ya bati, pa! Analikunja mara mbili, analivuta tena. Uzi mmoja unakuwa miwili, minne, minane. Haifiki dakika, mkononi ana tambi nyembamba kama kamba za viatu, anazitupa kwenye sufuria inayochemka bila hata kuangalia. Unaweza kumchagulia unene: "shi" ni nyembamba, "kuan" ni pana kama mkanda.

Bakuli linalokuja, niurou lamian, wenyewe wanalisifu kwa rangi tano: supu safi, figili nyeupe, mafuta mekundu ya pilipili, majani ya kijani, tambi za njano. Nyama ni slesi chache nyembamba, usishangae. Ukitaka zaidi sema "jia rou", ongeza nyama, utalipa kidogo juu yake. Mezani kuna chupa ya siki nyeusi na kikopo cha pilipili ya mafuta. Ndimu hakuna, usiitafute. Weka siki, inafanya kazi ileile.

Kama tambi hazikuridhishi na unataka wali, tafuta picha yenye maneno 盖饭, "gaifan": wali umemwagiwa mchuzi juu. Mimi nilipogundua 土豆牛肉盖饭, yaani wali wenye mchuzi wa nyama ya ng'ombe na viazi, niliacha kabisa kuhangaika. Ni chakula cha mama ntilie kilichovaa nguo za Kichina. Wa nyanya na mayai nao ni mzuri, hauna pilipili, ni rahisi, na hata tumbo lililochoka na safari linaupokea.

Mishikaki ya kondoo ni 羊肉串, "yangrou chuan". Iangalie ile alama ya mwisho, 串: viboksi viwili vimechomwa kijiti katikati. Nani alisema Kichina hakisomeki?

Onyo moja. Kuna picha ya kuku na viazi inayovutia sana, 大盘鸡, "dapanji". Jina lake maana yake ni kuku wa sahani kubwa, na hawatanii. Niliagiza peke yangu usiku mmoja, wakaja nayo mikono miwili, sinia zima, kuku kakatwakatwa na mifupa yake, viazi, na chini yake tambi pana za kuchovya kwenye mchuzi. Wanaume wa meza ya pili wakaacha kula wakinitazama. Hiyo waagize watu watatu.

Ijumaa, ukiwa upande wa kaskazini ya kati ya mji, nenda kusali kwenye msikiti wa Xianxian, ule wa penye kaburi ambalo mapokeo yanasema ni la sahaba Sa'd ibn Abi Waqqas. Baada ya sala, nje panafuka moshi wa mishikaki ya Wauighuri, Waislamu wa kaskazini-magharibi mwa China, na mikate yao ya tanuri. Mtaa wa Xiaobei uko jirani, na huko utakuta wali wa Kiafrika, wa Kiarabu na wa Kituruki. Ni mzuri, naula, lakini bei yake ni mara mbili au tatu ya tambi, na mtu akila huko kila siku ni kama hajasafiri.

Hatua ya 4: Nenda saa zao

Wachina wanakula mapema. Chakula cha mchana kinaanza saa tano na nusu, na saa nane jiko linaweza kuwa limezimwa, mpishi kalaza kichwa mezani. Cha usiku kinaanza saa kumi na moja na nusu jioni. Ukizoea kula saa tisa mchana baada ya kumaliza sokoni, utakuta milango wazi na majiko yamelala. Maduka ya Lanzhou ni afadhali, mengi yanapika mfululizo hadi usiku. Guangzhou pia wana mlo wa usiku wa manane, ila huo ni wa kuchoma nyama na bia barabarani.

Angalia ukutani kama kuna cheti cha usafi chenye kikatuni cha uso na herufi A, B au C. A anacheka, B anatabasamu, C amenuna kidogo. Kigezo changu ni kingine: wanakula wakazi? Kuna wazee? Mgahawa wenye wazee mezani saa sita mchana haujawahi kuniangusha.

Hatua ya 5: Kuingia na kuagiza

Ukiingia utaulizwa "ji wei?", mko wangapi. Onyesha vidole. Mpaka tano tunaelewana, baada ya hapo wao wanahesabu kwa mkono mmoja: kidole gumba na cha mwisho vikisimama ni sita, gumba na cha shahada kama bastola ni nane. Mtu akikuonyesha bastola akisema bei, hakutishi.

Usisubiri kuhudumiwa kama uko hoteli ya kitalii. Ita. Mwenye duka ni "laoban". Mhudumu ni "fuwuyuan", lakini Guangzhou wenyewe wanawaita wanawake "leng nui", mrembo, na wanaume "leng jai", mtanashati, hata kama mtu ana miaka hamsini na aproni yenye madoa ya soya. Hakuna utongozaji hapo. Ni sawa na Kariakoo ambako kila mteja ni bosi.

Mezani kukiwa na kamraba ka kuskani, menyu iko humo, kwa Kichina, mara nyingi na picha. Ukishindwa, mwambie laoban kwa ishara kwamba simu imegoma. Atakupa ya karatasi, au atakuja mwenyewe na kidole. Na hakuna aibu kuonyesha chakula cha meza ya jirani na kusema "yige", kimoja. Nimeshakula vizuri sana kwa njia hiyo. Jirani hakasiriki, mara nyingi anakuonyesha na kilicho kitamu zaidi.

Maneno mengine ya kuweka kwenye simu: 不要辣, "bu yao la", usiweke pilipili. Sisi watu wa pwani tunajidai kwa pilipili, lakini chakula cha mkoa wa Sichuan kina punje za hua jiao ambazo haziwashi, zinatia ganzi. Midomo inakuwa kama umetoka kwa daktari wa meno. 不要香菜, "bu yao shiang tsai", usiweke giligilani, kwa wale wasioipenda. 花生 ni karanga. Mwenye mzio nazo aiandike sentensi yake mapema kwa msaada wa anayejua lugha, kwa sababu karanga na mafuta yake vimejaa majikoni humo.

Mkiwa wengi, kila mtu haagizi sahani yake. Sahani zinakaa katikati, kila mmoja anachota. Kwa watu wanne agizeni sahani nne au tano na supu moja. Wali uagizwe kwa jina, "mifan", kila mtu na kibakuli chake, tena mwambie alete mapema. Bila hivyo unaweza kuja mwishoni, kwa sababu kwao mboga ndiyo chakula na wali ni wa kujaza nafasi iliyobaki. Kinyume chetu kabisa.

Maji yatakuja ya moto. Sio kosa. Ukitaka baridi sema "bing de", watakutazama kama mtu anayejitafutia homa, kisha watakuletea.

Hatua ya 6: Mkononi

Vijiti vinajifunzika. Cha chini hakitembei, kinalala kwenye kitako cha gumba. Cha juu ndicho kinachocheza. Kama umeshindwa, omba "shao dze", kijiko, hakuna atakayekucheka. Kula kwa mkono wali wa kibakuli hawajazoea kuona, ila mikate, mishikaki na mifupa wanashika kwa mkono, na baadhi ya migahawa huleta glovu za plastiki kwa kazi hiyo.

Kibakuli unakiinua mkono wa kushoto mpaka karibu na mdomo na kusukumia wali. Bibi yangu angenipiga kofi, lakini huko ndiyo adabu. Anayeinama juu ya meza ndiye anaonekana mchafu. Mkono wa kushoto hauna shida kwao. Kuvuta tambi kwa sauti pia hakuna shida, bakuli lina moto.

Jambo moja usifanye: usisimike vijiti wima kwenye wali. Vinafanana na ubani unaosimikwa kwa ajili ya marehemu, na meza nzima itanyamaza. Vilaze juu ya bakuli. Na samaki mzima, ukimaliza upande wa juu, usimgeuze. Watu wa pwani ya kusini wanasema ukimgeuza samaki umepindua mtumbwi. Inua mti wa mgongo, ule nyama ya chini. Mtu wa Bagamoyo au Lamu hilo halihitaji kufafanuliwa.

Beba tishu zako. Zile pakiti zilizoko mezani mara nyingi zinauzwa.

Hatua ya 7: Ukishazoea, jaribu migahawa ya Wakanton, wenyeji wa Guangzhou

Sasa unaweza kuingia migahawa ya wenyeji wenyewe, ambayo ndiyo fahari ya Guangzhou. Kwa anayekwepa nguruwe, huku ni uwanja wa mitego, tuseme ukweli. Ukiona dirisha lenye nyama nyekundu zinazong'aa zinaning'inia, zile ndefu nyekundu ni nguruwe wa kuchoma, wenyewe wanamwita chasiu. Bata bukini anayening'inia pembeni anakatwa kwa panga lilelile kwenye gogo lilelile. Kuku mweupe wa kuchemshwa, baichieji, huletwa wa baridi na mifupa yake ikiwa na wekundu ndani. Hajaharibika, ndivyo wanavyomtaka. Mimi sijamuelewa mpaka leo.

Asubuhi wana mlo wa chai na vitafunwa vidogo vya mvuke. Wazee wanakaa na gazeti masaa mawili kwa birika moja. Utaletewa bakuli, kikombe na vijiti, wakati mwingine vimefungwa nailoni, na birika la chai ya moto. Chai ya kwanza usiinywe: wenyeji wanaosha nayo vyombo vyao mezani, wanaimwaga kwenye bakuli kubwa lililowekwa kwa kazi hiyo. Mtu akikumiminia chai, gonga meza mara mbili kwa ncha za vidole viwili, ndiyo asante yao. Birika likiisha, acha kifuniko kikiwa kimeegemea pembeni, mhudumu ataona na kuongeza maji. Chai hulipiwa kwa kichwa, kwa hiyo usishangae kuiona kwenye bili hata kama hukuiagiza.

Maandazi ya kamba yanayoonekana meupe kama kioo ni matamu kupita kiasi, lakini mara nyingi hutiwa mafuta ya nguruwe kidogo ndani ya kamba. Siumai, yale maandazi ya njano, ni nguruwe na kamba pamoja. Uliza kabla, si baada.

Samaki hai wa kwenye matangi ya kioo: bei iliyoandikwa ni ya jin moja, 斤, na jin ni nusu kilo, siyo kilo. Hapo ndipo wageni wanapolia. Kibao kikisema 68 na samaki ana kilo 1 na gramu 200, hizo ni jin 2.4, unalipa yuani 163. Samaki anavuliwa kwa kimia, anaingizwa kwenye mfuko, anapimwa mbele yako akirukaruka. Angalia mizani, piga picha, kubali bei kwa kuiandika kwenye kikokotoo cha simu, ndipo achinjwe. Ukiona 时价 badala ya bei, maana yake ni bei ya siku, na lazima uulize.

Hatua ya 8: Mwenye kiwanda akikualika

Siku moja utapelekwa chakula cha mchana na mtu anayetaka oda yako. Chumba cha faragha, meza ya duara, kioo kinachozunguka katikati. Usijichagulie kiti, kile kinachotazama mlango ni cha mwenye karamu au mgeni wa heshima, subiri uonyeshwe. Kioo kizungushe taratibu, na angalia kwanza kama hakuna aliyenyoosha vijiti. Mwenyeji atakuwekea chakula kwenye sahani yako. Ukimaliza anakuwekea tena, kwa hiyo acha kidogo ukishiba.

Mapema, kabla hawajaagiza, sema unachokwepa. Ukisema "wo shi musilin" karibu kila mtu anaelewa, na wengi watahamishia shughuli yote kwenye mgahawa wa chingjen bila kinyongo. Ukisema baada ya sahani kumi na mbili kufika, umemwaibisha mbele ya wafanyakazi wake.

Pombe yao kali, baijiu, wanainywa kwa vikombe vidogo wakisema "ganbei", kauka kikombe. Usiyekunywa, inua chai na useme "yi cha dai jiu", chai badala ya pombe. Ni msemo wao wenyewe, kwa hiyo haumkati mtu. Unapogonganisha, kikombe chako kiwe chini kidogo ya cha mkubwa wako. Atashusha na chake, mtashushana hadi karibu na meza, kicheko kitatoka.

Bili usijaribu kuilipa yeye akiwa ndiye aliyealika. Jitokeze kidogo kwa adabu, ushindwe.

Hatua ya 9: Kulipa na kuondoka

Neno ni "maidan". Skani, andika kiasi, mwonyeshe skrini. Kwenye maduka madogo kipaza sauti kinatangaza kiasi kilichoingia, duka zima linajua umelipa 18. Bakshishi hakuna. Ukiacha noti mezani watakukimbiza nayo barabarani wakidhani umesahau.

Kilichobaki sema "dabao", wanakufungia. Boksi linaweza kuwa yuani moja au mbili. Tangu 2021 wana sheria ya kuzuia upotevu wa chakula, kwa hiyo kubeba mabaki si uchoyo, hata wenye magari makubwa wanabeba.

Jambo la mwisho ni kalenda. Usiende karibu na Mwaka Mpya wa Kichina, kati ya mwishoni mwa Januari na Februari. Viwanda vinafungwa, na migahawa mingi midogo inafungwa wiki mbili au zaidi, wenyewe wamerudi kwao mikoani. Kama huna namna, basi zile pakiti nane za biskuti ziongeze ziwe kumi na mbili.